Skrubu Moja ya Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Na imeharibiwa na wema wangu mwenyewe.

Nilitaka kumfurahisha mke wangu, basi. Mama mkwe anakuja Jumamosi kushona gauni la harusi la binti yake wa mwisho. Atalishona kwenye cherehani ile ile aliyowashonea mabinti zake wote, ambayo alimkabidhi mke wangu siku tulipooana. Nikasema ngoja niitie mafuta, niifute vumbi, niikaze kila mahali. Nikaikaza. Ile skrubu ndogo inayobana sindano nikaikaza kwa koleo, kwa usalama zaidi. Tak! Kichwa kikabaki kwenye koleo, kiwiliwili ndani ya mashine.

Kisiki nilikitoa kwa msumari na maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilikuwa nimekishika kiganjani, nakiangalia, mke wangu alipoingia. Alikuwa anakuja kunishukuru.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alisema kwa sauti ya chini kwamba gauni ni la tarehe kumi na tano, kwamba mama yake hashoni kwa mashine ya kuazima, na kwamba ikifika Jumamosi cherehani haishoni, basi mashine yangu ya kukereza vyuma itahama. Itaenda kwenye karakana ya kaka yake. Chumba cha nyuma kitakuwa cha mama yake. Akauliza kwa nini mama yake mzazi alale sebuleni wakati lichuma limelala chumbani. Nilijaribu majibu matatu. Hakuna lililomridhisha.

Ifahamike kwamba mashine yangu anaiita mke mwenza. Kwa hiyo hii si hukumu, ni kisasi cha muda mrefu.

Sijamaliza hata chai, shemeji akapiga simu. Huyu kaka wa mke wangu mtaa mzima unamwita Injinia, ingawa kazi yake ni kuchomelea mageti. Akanipa pole nyingi. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mlango wetu wa nyuma unafunguka wote au nusu.

Jumanne, 4 Machi

Maduka yote ya vyuma, patupu. Muuzaji wa mwisho alinimwagia kopo zima la skrubu juu ya kaunta. Nikajaribu moja moja kwenye kipande cha cherehani nilichobeba mfukoni. Nyingine nene, nyingine nyembamba, nyingine zinaingia mzunguko mmoja zinagoma. Akaniambia mashine yangu ina hesi za peke yake, yaani ile mistari inayozunguka skrubu imekatwa kwa kipimo ambacho hakuna kiwanda kinachokitumia siku hizi. Akanishauri ninunue cherehani nyingine. Nikamwambia hamjui mama mkwe wangu.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Lakini pale kizingitini wazo likanijia, nikasimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. Niliandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua lilivyoanza.

Nitatengeneza dai!

Asiyejua: dai ni kisahani cha chuma kigumu chenye tundu katikati, na ndani ya tundu kuna meno. Unakivalisha kwenye kijiti cha chuma laini, unazungusha, na kijiti kinatokea upande wa pili kikiwa skrubu. Mtu wa kawaida angehangaika kutafuta skrubu moja. Mimi nitakuwa na dai ya hesi hizi, ambayo hakuna mwingine anayo, na nitatoa skrubu za kipimo hiki mpaka nichoke. Cherehani zote yatima za mji huu zitaletwa mlangoni kwangu. Injinia atakuja kupanga foleni, nami nitamwambia asubiri.

Sasa, ili meno yaingie ndani ya tundu la dai, unahitaji tepu, yaani mfano wa skrubu ya chuma kigumu inayochimba hesi ndani ya tundu. Tepu ya kipimo hiki nayo haiuzwi. Nitaikata mwenyewe kwenye mashine ya kukereza. Kwa hiyo mashine itazaa tepu, tepu itazaa dai, dai itazaa skrubu. Hesabu imekaa sawasawa. Nimemweleza mke wangu hatua zote. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kikwazo kimoja. Ili mashine ikate hesi nyembamba kiasi hiki inahitaji gia moja maalumu, na gia hiyo Injinia aliiazima kwangu mwaka jana. Nimekwenda karakana kwake. Nimeikuta sakafuni, ndiyo anayozuilia mlango usijifunge na upepo. Gia ya watu! Akakubali kunirudishia kwa sharti moja tu dogo, aje kupima.

Amekuja. Amepima mlango, ameupima ukumbi, amepima mashine urefu na upana. Alikuwa anaimba.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kazi imenikubali. Niliweka gia, nikanoa kisu cha mashine mpaka kikawa kinakata ukucha, nikavaa miwani ya kazi. Damu ilikuwa inachemka.

Mimi si mtu wa kukurupuka. Kabla ya kukata tepu yenyewe kwenye chuma kigumu, ambacho ni adimu, nilikata vipande vya majaribio kwenye chuma laini ili nihakikishe hesi zinalingana na za cherehani. Kipande cha kwanza kikakwama. Nikapunguza unywele. Cha pili kikaingia kikalegea. Cha tatu! Mke wangu alikuwa sokoni, nikakipeleka sebuleni kwenye cherehani, nikakizungusha kwa vidole viwili. Kiliingia kwa ulaini wa ajabu. Nikaweka sindano, nikabana. Sindano imetulia tuli. Nikazungusha gurudumu la mashine kwa mkono, sindano ikapanda na kushuka, haichezi hata kidogo.

Nilikaribia kulia. Kipimo nimekipata!

Nikakitoa, nikakitupa kwenye kikombe kilichovunjika mkono, pamoja na takataka nyingine, nikarudi kwenye kazi ya maana. Kwa uhakika zaidi nikakata vingine kadhaa vya aina hiyo hiyo, nikavipeleka kimoja kimoja sebuleni kuvijaribu. Vyote vilikaa sawa, vyote nikavitia kikombeni. Jioni nikaanza tepu.

Mke wangu aliporudi aliuliza kama cherehani iko tayari. Nikamwambia bado, lakini kitu kitakachotengeneza kitu kitakachotengeneza skrubu kiko njiani. Akaweka kikapu chini taratibu. Akasema siku zinakwenda. Najua siku zinakwenda! Watu wanadhani fundi hajui kalenda.

Ijumaa, 7 Machi

Tepu imekamilika. Ni nzuri, nadhani ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, pamoja na ile meza yetu ya chakula. Ilibaki kuikoleza tu, yaani kuipasha moto mpaka iwe nyekundu halafu kuichovya kwenye mafuta ili iwe ngumu.

Moto ulikuwepo: jiko la mkaa, na mke wangu alikuwa ameshaepua sufuria. Mafuta yalikuwepo: chupa nzima, mpya, kabatini. Nisingejua kwamba aliyaweka kwa ajili ya wageni. Hakuna aliyeniambia kuna mafuta ya wageni na mafuta ya wenyeji, yote nayaona yana rangi moja.

Tepu ilizama kwa mlio mtamu sana. Moshi nao ukapanda. Ulijaa jikoni, ukatoka ukumbini, ukaingia kwenye kabati la nguo ambamo, nimeambiwa baadaye na kwa kirefu, kilikuwemo kitambaa cha gauni. Kitambaa cheupe. Sasa kiko kwenye kamba nje, kinapigwa upepo. Mke wangu alikinusa, akaninusa na mimi, akanipa kisogo.

Amechukua mafuta yaliyobaki na kuyafungia. Ufunguo anatembea nao.

Lakini tepu imekuwa ngumu! Nimeipitisha tupa, tupa imeteleza. Mtu akiniuliza kama ilistahili moshi ule nitasema ndiyo, ila si mbele ya mke wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amefika asubuhi, saa ambayo mimi nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya kumaliza dai. Niliandaa kila kitu tangu alfajiri: kisahani cha chuma, tundu katikati, tepu ndani ya tundu, meno yakatokea safi. Nikatoboa matundu mengine pembeni ili vumbi la chuma lipate pa kutokea. Ikabaki kukoleza. Mafuta hakuna, ufunguo uko kwenye kamba shingoni kwa mwenyewe. Nikasema maji si yapo?

Ningekuwa na utulivu ningekumbuka kwamba chuma cha aina hii hakipendi maji. Lakini nani ana utulivu mama mkwe akiwa ukumbini anauliza kwa nini kitambaa cha harusi kinanuka mafuta ya kupikia? Nikachovya. Tii! Sauti ndogo tu. Dai ikapasuka, vipande viwili.

Nilikwenda kumsalimia mama na mikono myeusi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza habari za kazi. Nikasema nzuri. Akaiendea cherehani yake, akaipapasa, akaona pale penye sindano pana tundu tupu. Akaniangalia. Mke wangu akaniangalia. Nikasema mashine inafanyiwa matengenezo ya kina.

Mama aliketi karibu na cherehani na kitambaa mapajani, akawa anakikunja na kukikunjua. Baadaye nilimsikia akimwambia mke wangu kwamba binti zake wote waliotangulia alianza kuwashonea mapema, na kwamba huyu wa mwisho ndiye aliyemngoja zaidi, na macho yenyewe siku hizi hayamtii. Hilo liliniuma. Sikupenda liniume, nilikuwa na kazi.

Mke wangu alinifuata chumba cha nyuma. Alisema Jumamosi ndiyo hii. Injinia atakuja kesho baada ya chakula cha mchana, na watu na mkokoteni. Nikamwambia nimebakiza hatua moja. Akasema amekuwa akiisikia hatua hiyo tangu tuoane.

Nimejishusha. Nimekwenda kwa adui kuomba mafuta machafu ya gari, maana dai ya pili lazima ikolezwe kwenye mafuta. Injinia alinijazia kopo bila kinyongo. Akasema kopo nisihangaike kulirudisha, atalichukua kesho pamoja na mashine.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kabla hata sijanawa mikono.

Dai ya pili imetoka nzima! Haikupasuka, haikupinda. Asubuhi hii niliifunga kwenye jiriwa, kile kibano cha mezani, nikachukua kijiti cha chuma, nikaanza kuzungusha. Meno yaling'ata. Chuma kilitoka kwa vinyuzi vidogo vinavyong'aa. Niliita nyumba nzima waje waone, hakuna aliyekuja.

Kisha nikaitazama skrubu yenyewe kwenye mwanga. Hesi zimekwenda upande. Kijiti kiliingia kimeinama, na mistari inapanda kilima badala ya kuzunguka. Nikaijaribu kwenye cherehani mama akiwa bafuni. Haiingii. Nikakata nyingine. Imelewa vile vile. Nikagundua kosa mara moja: dai haina kishikio chake cha kuinyoosha. Nani atengeneze dai bila kishikio! Kishikio ni kazi ya siku mbili, tatu. Nikaanza kuchora.

Hapo ndipo mkokoteni uliposimama mlangoni.

Injinia alikuja na vijana wa nguvu na kamba mpya kabisa. Nilibishana naye kwanza nje, penye mkokoteni, kisha nikasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. Nilieleza habari ya kishikio. Niliwaomba siku tatu, kisha mbili, kisha mpaka jioni. Mke wangu alisema, na safari hii macho yake yalikuwa yamelowa, kwamba hataki kuniona mnyonge, ila mama yake amekaa siku nzima na kitambaa mapajani, na mimi nimekaa na vyuma. Nikasogea pembeni. Walianza kufunga kamba kwenye miguu ya mashine yangu, Injinia akiwaelekeza wasiikwaruze, kwa sababu eti ni ya familia. Nilitazama ukutani.

Ndipo tukaisikia cherehani.

Mlio ule ule, tarararara, unasimama, unaanza tena. Tukaangaliana. Tukaenda sebuleni sote, na vijana nyuma yetu. Mama mkwe alikuwa ameinamia mashine, mshono mweupe unatiririka mezani. Hakusimama mpaka alipofika mwisho wa pindo. Kumbe alikuwa akitafuta pa kuwekea pini zake, akaingia chumba cha nyuma wakati mimi nabishana nje penye mkokoteni, akaona kikombe kilichovunjika mkono. Akakimwaga.

Akaninyooshea kiganja. Vipande vyangu vya majaribio, vyote.

"Mkwe wangu, hizi za nini?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba hizo si skrubu, mama, hayo ni majaribio tu ya hesi, kwa ajili ya kukatia tepu, ambayo ni ya kuchimbia dai.

"Na hiyo dai ni ya kutengeneza nini?"

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikasema, "Skrubu."

Injinia alicheka mpaka akakalia kamba zake. Vijana wakacheka, nao hawajui hata wanacheka nini. Mke wangu aliziba uso kwa mikono yote miwili na mabega yakawa yanatikisika, sikujua analia au vipi. Alipoitoa mikono nilijua.

Mama peke yake hakucheka. Alisema mashine iliyotoa skrubu nzuri namna hii haitoki kwenye nyumba hii, na yeye sebuleni hapo amepata upepo mzuri, wala chumba hakihitaji. Injinia alifungua kamba moja moja, polepole, macho yake yakiwa kwenye mashine. Nilimsindikiza mpaka mkokotenini. Nilimkabidhi na kopo lake.

Mke wangu ametoa sharti lake baada ya wageni kuondoka: mpaka harusi ipite nisiguse kitu chochote kinachohusiana na gauni. Hata uzi. Nimeapa.

Nimeyatafakari sana yaliyotokea. Somo nimelipata, na ni kubwa. Nitaliandika nikitulia.

Jumatano, 12 Machi

Nimetulia.

Gauni limeshonwa, zuri mno. Bibi harusi alikuja kulijaribu jana, akajizungusha, mama akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Limebaki pindo la chini na vifungo vya mgongoni, kazi ya mkono, ya macho makali. Mama amesema ataimaliza leo na kesho, Ijumaa apige pasi, Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

Asubuhi, mke wangu akiwa kwa fundi viatu, mama alinijia mwenyewe chumba cha nyuma. Nasisitiza: mwenyewe. Sikumwita. Miwani yake ilikuwa inachezacheza, mguu mmoja umelegea. Akaniomba nimkazie tu.

Mimi nikaitazama ile miwani. Miwani si gauni. Nilichoapa nakikumbuka neno kwa neno.

Nikakaza. Ilikuwa skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Sijui chuma cha siku hizi wanachanganya na nini. Tak.

Lakini sikubabaika! Huyu si mimi wa juma lililopita. Juma lililopita nilifanya kosa moja tu, na sasa naliona wazi: vipande vya majaribio. Vilinipotezea Alhamisi nzima, vikajaza kikombe, vikaleta mkanganyiko mbele ya watu, na mwishowe vikaizuia dai yangu isipate nafasi ya kujionyesha. Safari hii hakuna majaribio. Hata kimoja. Naenda moja kwa moja kwenye dai.

Nimeufungua na ule mguu mzima wa miwani, nikatoa skrubu yake nipate kipimo. Imeniponyoka mara moja, iko mahali fulani chini ya mashine pamoja na vumbi la chuma, nitaipata. Vioo nimevitoa pia, visije vikapata mkwaruzo.

Mama yuko sebuleni. Amekaa na gauni mapajani, ameliinua mpaka puani, anatafuta tundu la sindano kwa kidole. Ameniita mara mbili kuuliza kama tayari. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kishikio nimeshaanza kukichora.